Kuchagua Deki ya Sinema ya Nyumbani Mjini Isiolo

Deki ni mashine inayosoma picha na sauti kutoka kwenye CD, VCD, DVD au Blu-ray na kuzipeleka kwenye runinga na spika. Katika seti ya sinema ya nyumbani ndiyo kifaa cha bei ndogo, na pengine kwa sababu hiyo ndicho hununuliwa kwa haraka, aghalabu kwa kusoma maandishi ya boksi tu. Mjini Isiolo haraka hiyo ina gharama. Vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa humo hupandishwa kutoka Nairobi, hasa maduka ya Luthuli Avenue, umbali wa takriban kilomita 280. Deki ikigoma wiki ya pili, kuirudisha ni nauli, siku nzima barabarani na mabishano kaunta.

Diski zenyewe bado zina kazi. Netflix ilifika Kenya Januari 2016, lakini filamu moja yenye picha safi inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na anayenunua bando kwa shilingi hamsini hamsini anajua hesabu hiyo inaishia wapi. Diski ikishalipiwa imelipiwa. Haihitaji mtandao, na huchezwa mashinani Merti au Oldonyiro sawasawa na inavyochezwa mtaa wa Bulla Pesa mjini. Zaidi ya hayo kuna mambo ambayo hayapatikani mtandaoni hata kidogo: video ya harusi ya dada, mawaidha yaliyorekodiwa msikitini, mazishi ya mzee.

Kwa hiyo uchaguzi huanzia kwenye droo ya nyumbani, kabla ya kwenda dukani. Diski zote zitolewe, zitandazwe mkekani na zitengwe mafungu. Fungu la kwanza huwa ni diski za kiwandani, zenye picha iliyochapishwa upande wa juu na upande wa chini unaong'aa kama fedha. Hizi husomwa na karibu deki yoyote. Fungu la pili ni VCD, ambazo wasanii wa Riverwood, yaani watengenezaji filamu wa River Road jijini Nairobi, waliuza kwa wingi. Picha yake ni ndogo, nukta 352 kwa 288, na si kila deki ya Blu-ray huikubali. Fungu la tatu ni CD za MP3: diski moja ya MB 700 hubeba mawaidha ya saa kumi na zaidi. Kwa hizo deki inapaswa kuonyesha majina ya mafaili kwenye kioo. Bila hivyo msikilizaji atatafuta somo moja kwa kubonyeza rimoti mara arubaini.

Fungu la nne ndilo hupima deki kikweli: diski zilizochomwa. Humu mna video za harusi, sinema zilizosimuliwa Kiswahili na DJ Afro, na filamu za Kihindi zilizonakiliwa dukani. Upande wake wa chini una rangi ya zambarau au ya kijani kidogo. Diski ya kiwandani hugongwa vishimo halisi kwenye plastiki, lakini diski ya kuchoma ina tabaka la rangi linalounguzwa kwa mwali wa leza ili lifanane na vishimo. Hurudisha mwanga kidogo kuliko ya kiwandani, na kadiri rangi inavyofifia kwa joto na jua ndivyo lenzi inavyohangaika kuisoma. Katika mji ambao kipimajoto huvuka nyuzi 30 bila shida, diski ya harusi iliyosahauliwa juu ya dashibodi ya gari wiki kadhaa inaweza kukwama katikati ya maandamano ya bibi harusi. (Video kama hiyo inafaa kunakiliwa kwenye kompyuta na flashi mapema, deki iwe nzuri namna gani.) Nyumba ambayo fungu la nne ndilo kubwa inahitaji deki yenye lenzi vumilivu, na uvumilivu huo hauandikwi kwenye boksi. Hujulikana kwa kujaribu.

Uhalali wa diski ni jambo lingine la kuzingatia. Sinema nyingi za mafungu hayo zilinakiliwa bila idhini ya wenyewe, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na nakala hizo mara nyingi ndizo mbovu zaidi: diski ya bei ya chini kabisa, iliyochomwa kwa kasi ya juu kabisa. Deki hulaumiwa bure. Kwa nyumba yenye watoto, diski halali ina faida ya pili: kiwango cha umri kilichotolewa na Bodi ya Kuainisha Filamu, kuanzia GE ya watu wote hadi 18.

Baada ya diski ni flashi. Siku hizi duka la muvi huwekea mteja filamu kwenye flashi upesi kuliko kumchomea diski, na boksi la karibu kila deki limeandikwa USB. Neno hilo halitoshi. Deki nyingi za DVD za bei nafuu husoma mafaili ya zamani tu, ya AVI na MPEG. Zikipewa MP4 au MKV ya kisasa, iliyobanwa kwa mfumo wa H.264, hutoa sauti bila picha au hukataa kabisa. Flashi nayo lazima iwe imepangwa kwa mfumo ambao deki inaujua, mara nyingi FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4. Kabla ya kulipia deki ghali kwa ajili ya USB, inafaa kutazama nyuma ya runinga: runinga nyingi za sasa zina tundu la USB linalosoma mafaili hayo bila msaada wa deki yoyote.

Swali la DVD au Blu-ray huamuliwa na ukubwa wa kioo na mahali pa kukaa. DVD ya mfumo wa PAL, unaotumika Kenya, ina mistari 576 ya picha. Blu-ray ina 1,080. Diski ya 4K ina 2,160. Jicho zima lina mpaka wake. Kwenye runinga ya inchi 32, mtazamaji aliye mbali zaidi ya mita mbili na nusu hawezi tena kutenganisha mistari ya DVD, kwa hiyo ubora wa ziada wa Blu-ray humpita bila kuuona. Sebule ya kawaida ya mjini, kochi ukutani na runinga ukuta wa pili, ina mita tatu. Kwenye inchi 55 mambo hubadilika: mistari ya DVD huonekana hadi mita nne hivi, na Blu-ray hupendeza waziwazi. Ili 4K itofautike na Blu-ray kwenye kioo hicho hicho, kochi lisogezwe hadi karibu mita mbili, hali ambayo wageni wa kawaida hawataivumilia.

Maneno ya boksi yanayoahidi kuikuza DVD hadi 1080p hayana uzito yanaopewa. Deki huchukua mistari 576 na kuinyoosha ijaze kioo. Haiongezi chochote ambacho hakikuwa kwenye diski. Runinga yenyewe hufanya kazi hiyo hiyo kila siku.

Leza ya DVD ni nyekundu na ya Blu-ray ni ya zambarau yenye wimbi fupi zaidi, ndiyo maana deki ya DVD haitasoma Blu-ray hata ikibembelezwa, ilhali deki ya Blu-ray husoma DVD kwa kuwa ina leza zote mbili. Hoja hiyo huwashawishi wengi kununua Blu-ray ili wawe tayari kwa yajayo. Ni hoja dhaifu. Soko la deki hizo linapungua: Oppo iliacha kutengeneza mwaka 2018, na 2019 Samsung ikatangaza kwamba haitaleta deki mpya za Blu-ray katika soko la Marekani. Mnunuzi ajiulize jambo moja tu, diski tano za Blu-ray atazinunua wapi bila kuondoka Isiolo. Asipopata jibu, pesa hizo ziende kwenye spika.

Matundu ya nyuma ya deki yanafaa kutazamwa kwa macho, si kuulizwa kwa mdomo. HDMI hubeba picha na sauti kwa waya mmoja na ndiyo njia bora. Matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe ni ya runinga za zamani zenye kisogo, ambazo bado zimo katika nyumba nyingi, zikitumikia king'amuzi tangu matangazo ya analogi yazimwe mwaka 2015. Hapa pana mtego. Kwa masharti ya wenye teknolojia hiyo, deki za Blu-ray zilizotengenezwa baada ya mwisho wa 2013 hazitoi picha kwa waya wa njano. Mwenye runinga ya kisogo akinunua Blu-ray mpya atafika nyumbani, afungue boksi, na kukosa pa kuchomeka. Tena nyingi kati ya deki hizo hazina hata matundu mekundu na meupe ya sauti, ilhali wufa nyingi za Kenya huingiza sauti kwa waya huo huo. Sauti italazimika kuzungushwa kupitia tundu la hedifoni la runinga. Inawezekana, lakini ni afadhali kujua mapema.

Kuhusu sauti, boksi husema uongo mwingi kuliko mahali pengine popote. Namba kama wati 5,000 au 9,800 zenye herufi PMPO hazipimi chochote cha maana. Ukweli umebandikwa nyuma ya mashine, kwenye kibandiko kidogo kinachotaja umeme inaotumia. Wufa inayotumia wati 60 haiwezi kutoa sauti ya wati 5,000, kama vile ng'ombe anayekunywa debe moja hawezi kukamuliwa madebe themanini. Namba ya kulinganisha ni ile ya RMS, yaani wati ambazo mashine huweza kutoa mfululizo.

Seti zinazouzwa zikiwa na deki ndani yake, pamoja na spika tano na wufa, huvutia kwa wepesi wake. Zina kasoro moja kubwa: lenzi ikifa, seti nzima hubebwa kwa fundi na nyumba hubaki kimya. Nyaya za spika zake mara nyingi zina vichwa vya pekee visivyoingia kwenye mashine nyingine. Deki peke yake na wufa peke yake ni mpango bora, hasa mahali ambapo vumbi huua lenzi mapema kuliko spika. Mwenye seti ya spika tano ahakikishe deki ina tundu la koaksia, la waya wa mwanga au HDMI, kwa sababu waya mwekundu na mweupe hupitisha sauti ya spika mbili tu. Spika za nyuma zitatoa kelele za kubuni au zitanyamaza.

Umeme wa Kenya ni volti 240, na Isiolo hukatika na kurudi kwa kishindo kama miji mingine. Hatari kwa deki huja zaidi stima inaporudi kuliko inapokatika. Kilinda-umeme kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima, kile ambacho wauzaji hukiita TV guard, ni sehemu ya bei ya deki na kinafaa kununuliwa siku hiyo hiyo.

Kwa nyumba za sola hesabu ni nyepesi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600. Runinga ya inchi 32 hutumia kama wati 50, deki ya DVD 10 hadi 15, wufa yenye sauti ya wastani 40. Ukiongeza kinachopotelea ndani ya inveta, betri hiyo hutoa karibu saa tano: filamu mbili za Kihindi zisizo ndefu sana. Deki yenyewe si mzigo. Vinavyokula betri ni runinga na wufa. Inveta ya bei rahisi, isiyotoa wimbi laini, huleta mvumo kwenye spika ambao wengi huudhania kuwa ubovu wa deki.

Deki iliyoletwa na ndugu kutoka ng'ambo inahitaji ukaguzi wake. Plagi ya Uingereza na ya Dubai ni hii hii ya Kenya, ya miguu mitatu bapa, na volti zinakaribiana. Ya Marekani hufanya kazi kwa volti 120. Deki nyingi ndogo zimeandikwa 100–240V na hazina shida, lakini seti kubwa za spika za huko mara nyingi ni za 120V pekee. Zikichomekwa moja kwa moja ukutani huaga dunia kwa moshi. Kibandiko kisomwe kabla ya plagi kubadilishwa.

Kisha kuna namba za kanda. Filamu za DVD za kiwandani hufungwa kwa kanda: Kenya iko kanda ya 5 pamoja na India, Uingereza na nchi za Ghuba kanda ya 2, Marekani ya 1. Ndiyo maana DVD halali iliyonunuliwa Dubai inaweza kukataliwa na deki halali iliyonunuliwa Nairobi. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kenya hufungua kanda zote, na hilo ni mojawapo ya mambo machache ambamo deki rahisi huishinda ya kampuni kubwa. Kwa Blu-ray, Kenya, Ulaya na Ghuba ziko kanda B, Marekani kanda A, India kanda C. Diski za 4K hazina kanda.

Kujaribu dukani ndiko kunakoamua. Mnunuzi abebe vitu vitatu: diski ya kiwandani ambayo ni safi, diski iliyochomwa ya zamani yenye mikwaruzo, na flashi yenye filamu ya MP4. Muuzaji anayekataa kuchomeka deki ameshajibu swali. Diski iliyochomwa iingizwe kwanza. Ikichukua sekunde kumi au kumi na tano kufunguka, ni kawaida. Ikizunguka, ikisimama, ikatoa mlio wa kukwaruza na kuanza upya, lenzi ni dhaifu. Baada ya hapo filamu isiachwe ichezwe tangu mwanzo, kwa kuwa diski husomwa kutoka katikati kwenda nje, na mwanzo wake ndio sehemu rahisi. Irukwe hadi sura ya mwisho, karibu na ukingo, ambako diski huyumba zaidi na alama za vidole hujaa. Deki inayocheza dakika tano za mwisho za diski mbovu bila kuganda itacheza zilizobaki. Kwa diski ya kiwandani yenye matabaka mawili, ya GB 8.5, kusita kwa sekunde moja karibu na katikati ya filamu si ubovu. Ni lenzi inahama tabaka.

Wakati huo huo trei ifunguliwe na kufungwa mara kadhaa, vitufe vya deki vibonyezwe pasipo rimoti, na stima izimwe katikati ya filamu ili ionekane kama deki hukumbuka ilipofika. Kumbukumbu hiyo inaonekana jambo dogo hadi umeme ukatike mara tatu kwenye filamu moja.

Deki zilizotumika, zile ziitwazo ex-UK, si mbaya. Nyingi zimejengwa imara kuliko mpya za bei hiyo. Ila huja bila rimoti, na baadhi ya deki haziwezi kufikia menyu wala mipangilio bila rimoti yake.

Risiti idaiwe, yenye jina la duka, tarehe na namba ya mashine. Bidhaa ya kuagizwa inapaswa kuwa na kibandiko cha ISM cha Shirika la Viwango. Tangazo la ukutani kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi halina nguvu kama linavyofikiriwa: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 humhesabu muuzaji kuwa ameahidi bidhaa yenye ubora unaokubalika, apende asipende.

Nyumbani, adui ni vumbi. Deki isiwekwe juu ya king'amuzi wala juu ya wufa. Kimoja huichemsha na kingine huitikisa. Ifunikwe kitambaa inapozimwa, kamwe si inapofanya kazi. Diski ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu taarifa nyingi mfululizo. Lenzi hupanguswa kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa kidogo alkoholi ya isopropili, bila kukandamiza. Ikishindwa hata baada ya hapo, lenzi za deki za kawaida za DVD, kama ile ya Sanyo HD65, huuzwa Nairobi na fundi yeyote mzoefu huibadilisha. Lenzi za Blu-ray hutofautiana modeli kwa modeli, ni ghali na ni adimu. Deki hiyo ikifikia hapo, kwa kawaida hununuliwa nyingine.